Fundi, gari lake na ukurasa mmoja: uchambuzi wa kisa

Fundi anayehusika katika kisa hiki hutengeneza majokofu na mashine za kufulia. Hana duka. Yeye na vijana wake wawili huwafuata wateja majumbani kwa gari dogo jeupe, na ubavuni mwa gari hilo paliandikwa jina la biashara, namba ya simu na anwani ya tovuti. Alipokuja kwangu kutaka ushauri alikuwa amebeba mapendekezo mawili yaliyochapwa. La kwanza lilitoka kwa watengenezaji wa tovuti, waliotaka kumjengea tovuti ya kurasa kumi na mbili, yenye blogu, mfumo wa kuweka miadi na sehemu ya wateja kufungua akaunti zao. La pili liliandikwa na kijana wa ukoo wake, aliyeshikilia kwamba siku hizi tovuti ni kupoteza fedha na kwamba ukurasa katika mtandao wa kijamii unatosha. Ombi la fundi lilikuwa fupi: nimchagulie moja. Mwishowe hatukuchagua hata moja, na sababu zake ndizo ninazozieleza hapa.

Alichokuwa nacho tayari

Biashara iliyodumu miaka kadhaa haikosi mabaki yake mtandaoni, hata kama mwenyewe hakuyaweka. Kwa hiyo nilianza kwa kuandika jina la biashara yake katika mtambo wa kutafuta, naye akiwa ameketi kando yangu akitazama. Tulipata vitu vitatu. Biashara ilikuwapo kwenye ramani ya Google, ingawa yeye hakuwahi kuiweka. Pengine mteja fulani ndiye aliyeipendekeza, na alama yake ilikuwa imechomekwa mtaa wa pili kutoka anapoishi fundi, pamoja na namba ya simu aliyokwisha kuiacha. Ulikuwapo pia ukurasa wa mtandao wa kijamii, ambao andiko lake la mwisho lilikuwa salamu za mwaka mpya, na chini ya salamu hizo watu wanne walikuwa wameuliza kama anatengeneza mashine za aina fulani. Hakuna aliyejibiwa. Cha tatu kilikuwa anwani ya tovuti, ile ile iliyoandikwa kwenye gari.

Nilipoifungua anwani hiyo, ulikuja ukurasa wa matangazo ya kamari.

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na hili gari nimezunguka nalo hivi kwa muda gani?” Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Aliyemtengenezea tovuti ya kwanza alisajili jina la tovuti hiyo, yaani anwani yake, kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akahamia kazi nyingine. Taarifa za kulipia upya zilikuwa zikimfikia mtu asiye na haja nazo tena. Kwa majina yenye viishio vya jumla kama .com, utaratibu wa baada ya muda kuisha unajulikana: msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, anaweza kumvumilia mwenye jina hadi siku 45, kisha huja kipindi cha siku 30 ambacho mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo jina huwa la yeyote atakayewahi. Viishio vya nchi vina taratibu zake. Hakuna aliyemwibia fundi chochote. Jina liliachwa sokoni, na wafanyabiashara wa majina yaliyoachwa, ambao kazi yao ni kuyavizia, wakaliokota.

Alitaka tujaribu kulinunua. Nilimshauri aachane nalo kwa sababu mbili. Kwanza, mtu anayeuza jina lililookotwa hupandisha bei pindi tu anapogundua kwamba mwenyewe wa zamani analihitaji. Pili, na hii kwangu ilikuwa nzito zaidi, jina lenyewe lilikuwa baya: refu, lenye kistari katikati, na kila alipolitaja kwenye simu ilimbidi alitamke herufi kwa herufi.

Daftari la wiki mbili

Nilimwomba asiamue lolote kwa wiki mbili. Katika muda huo aandike kwenye daftari kila simu ya mteja mpya: mteja aliipata wapi namba, na swali lake la kwanza lilikuwa lipi. Sikutaka aandike walichonunua wala walicholipa, bali swali la kwanza tu. Kazi hii haigharimu kitu, lakini wachache huifanya, nadhani kwa sababu ni rahisi mno kuonekana kama kazi.

Daftari lilirudi na alama za vidole vya grisi, likiwa na aina mbili za watu ndani yake. Wengi walikuwa watu ambao kifaa kimewaharibikia saa hiyo hiyo. Jokofu linavuja, au mashine imejaa maji na mlango haufunguki. Mtu wa namna hii ameshika simu mkononi na hasomi historia ya kampuni. Anauliza kama mnafika kwao, kama mnaijua mashine ya aina yake, kama mnaweza kuja leo, na kama kuja kukagua tu kunatozwa. Maswali hayo manne yalijirudia hadi fundi akaacha kuyaandika kwa maneno, akawa anaweka alama.

Aina ya pili walikuwa wachache, lakini kila mmoja wao alikuwa na kazi nyingi za kutoa: wasimamizi wa nyumba za kupangisha na wa hosteli. Hawa walikuwa wamekwisha kupewa jina lake na mtu mwingine. Walichotaka ni kuthibitisha kwamba biashara ipo kweli, inatoa ankara, na ina mahali pa kutuma barua. Mmoja, wa hosteli, alimwambia wazi kwamba hawezi kupeleka kwa bosi wake jina la fundi asiyeonekana popote. Ni sentensi hiyo, kuliko hoja yoyote ya kitaalamu, iliyonifanya niache wazo la kumwambia fundi atosheke na ramani peke yake. Mwenye dharura humpata fundi kwenye ramani, ilhali anayetaka kuhakikisha jina alilokwisha kupewa hutafuta ukurasa wa kusoma.

Kupima njia zilizokuwapo

Pendekezo la kijana wa ukoo lilikuwa na busara yake. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni bure, unafunguliwa kwa saa moja, na kwa kazi za kuonyeshwa, kama ushonaji, ususi au upambaji wa kumbi, picha hufanya kazi ambayo maneno hayawezi. Kwa fundi huyu mambo ni tofauti, kwa kuwa picha ya mashine iliyopona haina tofauti na picha ya mashine iliyougua. Isitoshe, ukurasa wa namna hiyo hudai kulishwa kila mara, na wake ulikuwa umekwisha kuonyesha jinsi atakavyoulisha. Zaidi ya hayo, mwenye mtandao ndiye mwenye funguo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, na biashara ambazo hazikuwa na mlango mwingine zilikaa kimya muda wote huo. Saa sita si msiba. Akaunti kufungwa kwa kosa la mashine, bila mtu wa kuzungumza naye, inaweza kuwa msiba.

Palikuwa na njia ya katikati ambayo zamani ningeweza kushawishika nayo, yaani tovuti ya bure inayotolewa na huduma nyingine. Google iliwahi kuwapa wenye wasifu wa biashara, yaani maelezo ya biashara kwenye ramani yake, tovuti ndogo za aina hiyo, na biashara nyingi ndogo zilizitumia. Zikazimwa Machi 2024. Kwa miezi michache aliyebofya anwani ya zamani alipelekwa kwenye wasifu wa biashara, na kuanzia tarehe 10 Juni mwaka huo hata hilo likakoma. Karibu miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Oktoba 2009, Yahoo iliifunga GeoCities, huduma yake ya kurasa za bure, pamoja na kurasa za watu wasiohesabika. Sisemi kwamba kampuni hizo zilikosea kufunga huduma zao za bure. Ninachosema ni kwamba aliyeandika anwani ya namna hiyo kwenye gari lake ilimbidi apake rangi upya, na fundi wangu alikuwa na rangi moja ya kupaka upya tayari.

Pendekezo la kurasa kumi na mbili lilinichukua muda zaidi, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa ustadi. Lilijengwa juu ya mfumo wenye programu-jalizi kadhaa, yaani programu ndogo za kuongezewa tovuti: moja ya miadi, moja ya fomu, moja ya kuzuia barua taka, nyingine za urembo. Kila mojawapo huhitaji kusasishwa, na zisiposasishwa ndizo huwa mlango wa wavamizi. Nilimuuliza fundi nani atazisasisha. Akasema, “Si wao watakuja?” Tukasoma mkataba pamoja, tukakuta kwamba watakuja kwa ada ya kila mwezi.

Mfumo wa miadi ndio uliomvutia kuliko vyote, na ndio niliouogopa kuliko vyote. Kinyozi anajua kichwa kimoja kitamchukua muda gani, kwa hiyo anaweza kuigawa siku yake vipande na kumwachia mteja achague. Fundi wa majokofu hajui. Kazi ya nusu saa hugeuka ya saa tatu pindi bomba linapokutwa limeoza, na miadi miwili inayofuata husogea. Leo hii anaisogeza kwa kupiga simu na kuomba radhi, kazi anayoiweza vizuri sana. Mfumo ungemletea daftari la pili linalokinzana na la kwanza, na mteja aliyechagua saa kwenye mashine angeona ameahidiwa. Kama angekuwa na mtu wa ofisini anayekaa na kalenda kutwa nzima, ningelijibu pendekezo hilo kwa namna nyingine.

Nilichoshauri kilikuwa vitu vitatu tu: jina la tovuti lililosajiliwa kwa jina lake, ukurasa mmoja juu ya jina hilo, na wasifu wa biashara kwenye ramani uliorekebishwa. Kipimo nilichotumia ni kwamba kila taarifa iliyowekwa hadharani ni deni la kuitunza iwe kweli, na mtu asikope deni kubwa kuliko muda alio nao. Fundi huyu alikuwa na muda wa ukurasa mmoja.

Utekelezaji

Jina tulilichagua kwa sikio. Nilimpigia simu kutoka chumba cha pili nikamtajia majina matano, naye akaandika alichosikia. Mawili aliyaandika vibaya, tukayafuta. Alilisajili mwenyewe, kwa miaka mitano, ingawa kwa viishio vya jumla mtu anaweza kulipia hadi miaka 10 mbele. Hapa pana mtego mmoja ninaoupata mara kwa mara: mtu husajili jina, kisha hutengeneza barua pepe yenye jina hilo hilo, na kuitumia kama anwani ya mawasiliano kwa msajili. Siku jina likiisha muda, barua pepe inakufa nalo, na taarifa ya kulikomboa inatumwa kwenye sanduku lililofungwa. Kwa hiyo akaunti ya msajili tuliifungua kwa barua pepe yake ya kawaida, na nenosiri likaandikwa kwenye karatasi inayokaa pamoja na kadi ya gari. Najua wataalamu wa usalama watakunja uso. Kwake yeye hatari ya kusahau ilikuwa kubwa kuliko hatari ya mwizi anayependa karatasi.

Ukurasa wenyewe ni faili la maandishi, mtindo kidogo wa kuyapamba na picha mbili, bila mfumo wowote nyuma yake. Kurasa za mwanzo za wavuti, zilizowekwa na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, katika CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa maandishi na viungo tu, na hadi leo kivinjari chochote kinazisoma. Kitu kisicho na sehemu nyingi kina vichache vya kuharibika. Picha zilizotoka kwenye simu zilikuwa na megabaiti nne kila moja, tukazipunguza hadi chini ya kilobaiti 200, kwa sababu mtu ambaye mashine yake inamwaga maji sakafuni hatasubiri picha ishuke. Cheti cha usalama, kinachowezesha mawasiliano kati ya tovuti na msomaji kufungwa yasisomwe na wengine, tulikipata bila malipo kutoka Let’s Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo, nacho hujihuisha chenyewe. Hilo si pambo: tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti isiyo na cheti si salama, na msimamizi wa hosteli akiona maneno hayo hatauliza maana yake.

Mstari wa kwanza unasema anatengeneza nini na anafika maeneo gani. Wa pili ni namba ya simu, iliyoandikwa pamoja na msimbo wa nchi na kufanywa kiungo, ili kidole kikiigusa simu ipige. Kwenye tovuti yake ya zamani namba ilikuwa ndani ya picha, haibofyeki wala hainakiliki. Chini ya hapo yanafuata majibu ya yale maswali manne ya daftari, kwa mpangilio ule ule yalivyoulizwa.

Tulibishana juu ya sentensi moja. Yeye alitaka paandikwe “Tunatengeneza vifaa vya aina zote vya nyumbani.” Mimi nilitaka paandikwe asichotengeneza. Alihofu kupoteza wateja. Nikamfungulia daftari lake na kumwonyesha simu za televisheni na za oveni ndogo, ambazo kila moja ilimkatisha kazi akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mtu mwingine. Tukaandika kwamba hatengenezi televisheni wala oveni. Baadaye aliniambia kwamba hiyo ndiyo sentensi inayowafanya watu waamini zilizobaki, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

Fomu ya mawasiliano tuliiacha, kwa sababu ujumbe wake ungeangukia kwenye barua pepe anayoifungua mara mbili kwa wiki. Badala yake tuliweka kiungo cha WhatsApp chenye ombi moja: mteja apige picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, na ukurasa unamweleza kilipo, yaani kwa kawaida ndani ya jokofu kwenye ukuta wa pembeni, au ukingoni mwa mlango wa mashine ya kufulia. Picha hiyo moja humwezesha fundi kubeba kipuri sahihi safari ya kwanza.

Kwenye ramani, jambo la kwanza lilikuwa kudai wasifu uliokuwapo badala ya kuongeza wa pili, maana wasifu pacha huwachanganya wateja na mtambo wenyewe. Baada ya uthibitisho tulificha anwani ya nyumbani, kwa kuwa hakuna mteja anayemfuata huko, tukaweka maeneo anayohudumia. Google huruhusu hadi 20, sisi tuliweka saba. Jina tuliliacha kama lilivyo kwenye stakabadhi zake. Kuna watu waliomshauri aongeze maneno kama “bora” na “haraka” ndani ya jina, jambo ambalo kanuni za huduma hiyo zinalikataza. Kuna pia aliyeahidi kumweka wa kwanza kwa malipo. Google yenyewe inaeleza kwamba nafasi hutegemea jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali na umashuhuri, na kwamba nafasi hiyo hailipiwi. Anayeiuza anauza asichokuwa nacho.

Kosa langu na yaliyofuata

Saa za kazi nilimwachia fundi azijaze mwenyewe, nikiamini kwamba hilo halihitaji mshauri. Hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, naye akajaza 2:00 na 12:00. Kwa hesabu ya mashine, biashara ikawa inafunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa sita mchana. Mtu aliyetafuta alasiri alikuta maandishi mekundu kwamba pamefungwa. Tuligundua baada ya majuma mawili, kwa sababu mbili: mke wake alilalamikia simu za usiku wa manane, na daftari, ambalo kwa bahati hakuwa ameacha kuliandika, lilionyesha kurasa tupu kila baada ya chakula cha mchana. Tukaandika 08:00 na 18:00. Tangu hapo sijazi saa za mtu bila kuzisoma naye kwa sauti, na kuitazama simu kama anavyoitazama mteja.

Siwezi kudai kwamba ukurasa ndio ulioongeza kazi, kwa kuwa namba kwenye ramani ilirekebishwa wiki ile ile na haiwezekani kuvitenganisha viwili hivyo. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana daftarini: swali la kama mnafika kwetu limepungua, picha za vibandiko zimeongezeka, na msimamizi yule wa hosteli alipeleka jina kwa bosi wake. Ukurasa wa mtandao wa kijamii haukufutwa. Wale watu wanne walijibiwa kwa kuchelewa, na juu kabisa pakabandikwa andiko moja lenye namba na anwani mpya.

Ndani ya jalada la daftari sasa pana orodha ya mahali namba yake ilipoandikwa: ukurasa, ramani, mtandao wa kijamii, WhatsApp, stakabadhi, gari. Gari ndilo lilikuwa la mwisho kurekebishwa. Safari hii fundi alimwagiza mchoraji aiandike namba ya simu kwa herufi kubwa na anwani ya tovuti kwa herufi ndogo chini yake, na rangi ikiwa bado mbichi akatoa simu mfukoni, akaiandika anwani kama ilivyo ubavuni mwa gari, akangoja ifunguke.